Namba Isiyotoka kwa Majivu

Binti wa kaka yangu anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja Dar es Salaam. Alipokuja Makambako likizo alinionyesha kwenye simu jinsi wanavyoandika namba kwenye vyuma vya injini siku hizi. Ni mwanga tu. Chuma kinapita, mwanga unacheza juu yake kidogo, kinatokea upande wa pili kimeandikwa namba nyeusi, safi, ndogo kama sisimizi. Hakuna aliyekigonga wala kukikwaruza.

"Leza hiyo, shangazi," akasema, kwa sauti ile wanayotumia kutufafanulia mambo sisi tuliokwisha kuota mvi.

Nikamwambia hata sisi tulikuwa hatugongi. Tulikuwa tunaandika chuma kigumu kwa maji ya chumvi. Akacheka mpaka akaweka simu chini, akidhani namtania. Mimi huwa natania sana, hilo silikatai, lakini siku hiyo nilikuwa sitanii, na kicheko chake kiliniudhi. Kwa hiyo naandika.

Nilikuja Makambako nikiwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani nikingoja sijui nini. Kwetu ni kijijini, juu kabisa mbele ya Njombe mjini, kwa Wabena wa kanisani, watu wa mahindi na mizinga ya nyuki. Kungoja kule kulinichosha kuliko kulima. Kila mgeni aliyeingia kwetu alinitazama kuanzia miguuni kama anayekagua mbuzi, kisha anamuuliza mama, "Na huyu je?" Shangazi yangu aliyekuwa anauza chakula karibu na stesheni ya reli akanionea huruma, akaniombea kazi kwenye karakana ya tajiri mmoja wa malori. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama kaunta, kusikiliza wateja na kufunga vyuma kwenye magazeti. Niliipenda toka siku ya kwanza, pamoja na upepo wa Makambako uliokuwa unaingiza vumbi hadi ndani ya chai.

Huyo tajiri alikuwa Mwislamu, mtu wa kutoka Kondoa, mpole wa sauti na mgumu wa mkono. Biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi, yeye alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kununua lori la pili. Shirika moja la umma lilipofunga karakana yake na kuuza vitu kwa mnada, akanunua mashine ya kukereza vyuma, kubwa, ya kijani, nzito kama deni la ukoo. Na kwa sababu aliyekuwa anaiendesha naye alikuwa amepunguzwa kazini, akaja nayo. Fundi huyo alikuwa akijitambulisha hivyo mwenyewe kwa wateja: "Mimi niliuzwa na mashine." Alikuwa mtu wa Morogoro, mwembamba, mwenye maneno mengi, na alikuwa anaisemesha ile mashine kuliko alivyomsemesha mkewe.

Tulikuwa tunatengeneza pini za pistoni. Niseme ni nini, maana si kila mtu amewahi kufungua injini. Ni kipande cha chuma kama bomba fupi nene, kinachoishikiza pistoni kwenye mkono unaoisukuma. Mashine za kusaga za vijijini, kuanzia Wanging'ombe mpaka Makete kwenye viazi, zilikuwa za injini za dizeli zilizochoka, na pini zikiliwa hapakuwa na pa kupata nyingine. Fundi alizikereza kutoka kwenye eksili za malori yaliyokufa. Kisha alizipanga kwenye sanduku la chuma pamoja na mkaa uliosagwa na mifupa iliyochomwa tuliyoletewa na mwenye bucha, akalichoma sanduku mpaka likawa jekundu, akazitumbukiza pini kwenye maji. Zilitoka ngumu hata tupa haizing'ati. Mwisho kabisa alizipunguza kwa jiwe, taratibu, mpaka zifike saizi.

Hapo kwenye saizi ndipo pana kisa chote. Injini mpya inataka pini ya kawaida. Injini iliyoliwa inatanuliwa tundu, kwa hiyo inataka pini nene kidogo, na hiyo kidogo ni kama unywele. Kwa macho huwezi kuona, hata uwe na macho ya kipanga. Fundi alizipima kwa kipimo chake alichokifunga kwenye leso safi, halafu akazipaka rangi kichwani: nyekundu kwa ya kawaida, bluu kwa nene. Kugonga namba kwa nyundo kulishindikana. Kabla ya kuchomwa, pini ilikuwa bado haijajulikana itaishia saizi gani, na baada ya kuchomwa ilikuwa ngumu mno. Siku aliyojaribu, namba ya kugongea ilivunjika meno, na kigae cha chuma kikaruka kikapita karibu na sikio langu. Nilimwambia maneno ambayo binti wa kwaya hakutakiwa kuyajua.

Basi rangi ikabaki rangi, mpaka alipokuja mama yangu.

Mama alikuwa ndiye mshika ufunguo wa mashine ya kusaga ya kina mama wa usharika wetu. Waliinunua wenyewe, kwa mahindi na asali, na mchungaji akaja kuiombea. Mama aliitunza kama jiko lake. Alikuja kununua pini yao, ya kawaida, na kijiji cha jirani wakamtuma awachukulie na ya kwao, ambayo ilikuwa nene. Nilizifunga kila moja kwenye gazeti lake, nikaandika juu. Akaziweka kwenye kapu, akapanda lori la mbao, akaenda zake.

Baada ya muda si mrefu nikamwona anashuka tena barabarani, amejifunga shuka la baridi, mkononi amebeba kitu kizito kwenye kitenge. Hakuniita mwanangu. Alikiweka kile kitu juu ya kaunta, akafungua. Ilikuwa pistoni, imekwaruzika ubavu mzima, pini imekwama ndani yake kama jino.

"Mmeniuzia mapacha," akasema. "Huyu kagoma kuingia, fundi wetu akamgonga kwa nyundo, mashine imeenda kidogo ikakaza, ikafa. Na wale wenzetu waliovaa yule mwingine, injini yao inagonga kama ngoma. Sasa hatusalimiani."

Tajiri akatoka ndani. Fundi akazima mashine. Mimi nikauliza, polepole, maana nilimjua mama yangu, "Mama, ile rangi nyekundu ilikuwa wapi?"

"Rangi gani?"

"Kichwani. Moja nyekundu, moja ya bluu."

Akanitazama kwa mshangao. "Ule uchafu? Nilisugua!"

Na alikuwa amesugua kweli. Alipofika nyumbani alizifungua zote mbili, akaona zimepakwapakwa, akasema kitu cha namna hii hakiwezi kuingia kwenye mashine iliyoombewa. Akachukua mafuta ya taa na majivu, yale yale anayosugulia sufuria, akazisugua mpaka zikang'aa. Kisha ndipo akaanza kujiuliza ya kwetu ni ipi.

Fundi alitaka kucheka, nikamkanyaga mguu. Hakuna Mbena wa rika la mama yangu ambaye angezipeleka zile pini bila kuzisafisha. Kosa lilikuwa letu, tuliomuuzia mwanamke wa kwetu kitu chenye doa tukategemea asilitoe. Lakini kijijini hakuna aliyemlaumu fundi wa Makambako. Walimlaumu yeye. Akina mama walikuwa wamerudi kwenye kinu, mikono inatoka malengelenge, na walipopita nyumbani kwetu walisalimia huku wanatembea.

"Wameniambia nirudishe ufunguo," akasema mama, na sauti yake ikapungua. Sijawahi kuona aibu kama ile usoni pake, na iliniuma sana.

Tajiri alimpa pini nyingine, na fundi akaikwamua pistoni, akairekebisha ilivyowezekana. Lakini mama alipoondoka, tajiri alikaa juu ya gurudumu na kusema jambo ambalo nadhani alikuwa nalo moyoni siku nyingi. Madukani zilikuwa zimeanza kuja pini za nje, kwenye viboksi vya rangi, zimeandikwa namba ndogo safi. Wateja walikuwa wanazigeuza za kwetu wakiuliza, "Hizi mbona hazina namba?" Yeye angeweza kupakia viboksi vile kwenye lori lake mwenyewe kutoka Dar, bila mkaa, bila mifupa, bila lawama.

"Kuna mtu Mbeya anaitaka mashine," akasema. "Atakuja baada ya Idi ya kuchinja. Akipenda bei, aichukue."

Fundi akaweka mkono juu ya mashine, akauondoa. Mimi nikaona njia ya kurudi kwetu ikiwa mbele yangu yote, na wageni wakimuuliza mama, "Na huyu je?" Niliogopa. Nilikasirika pia, na mimi nikikasirika huwa kichwa kinafanya kazi vizuri.

Nilikumbuka somo la kemia, kidato cha pili. Mwalimu wetu alitumbukiza misumari miwili kwenye maji ya chumvi, akaiunga na betri, msumari mmoja ukaliwa. Siku ile nilichojali ni kengele ya chakula. Sasa nikajiuliza: kama maji ya chumvi yanaweza kula chuma chote, je, hayawezi kula mahali ninapotaka tu? Fundi nilipomwambia aliweka tupa chini.

"Dada, wewe unataka kuiandika pini yangu kwa mchuzi?"

"Ndiyo. Lete betri."

Betri zilikuwepo za kumwaga, ilikuwa karakana ya malori. Kufunika chuma pale tusipotaka paliwe, tulitumia nta ya nyuki. Nta tulikuwa nayo kwetu toka nazaliwa. Nilimwomba mama, akanitumia donge kwa lori la mbao bila kuuliza ni la nini, akidhani nataka kupaka uzi wa kushonea. Tukaipaka kichwani mwa pini, pale ambapo hapasuguani na kitu. Nikachora namba kwa sindano, nikitoa nta mpaka chuma kikaonekana. Fundi akaunga waya mmoja wa betri kwenye pini, mwingine kwenye msumari uliozungushiwa pamba yenye maji ya chumvi, na katikati akapachika taa ya lori ili waya zisije zikaungua. Nikagusa. Taa ikawaka. Povu likatoka. Tukatazamana kama wezi.

Tukafuta nta. Hakuna kitu. Pini ilikuwa safi kama ilivyotoka kwenye jiwe.

Fundi akasema basi, tumeshiba kemia. Nikamwambia geuza waya. Kwa mwalimu msumari ulioliwa ulikuwa mmoja tu, kwa hiyo upande mmoja unakula na mwingine unaliwa. Akageuza, akinung'unika. Safari hii povu lilikuwa chafu, la kijani na weusi, na pamba ikanuka. Tulipofuta, namba ilikuwepo. Ilikuwa imetanuka na kujaa manyoya pembeni kama ukungu wa mkate, lakini ilikuwepo. Fundi akaruka, akanishika mikono, akaicheza ngoma ya kwao pale pale kwenye mafuta machafu, na tajiri aliyekuwa anapita na kanzu yake ya Ijumaa akatuuliza kama tumepata wazimu.

Manyoya yale yalitusumbua. Ilikuwa kwenye baridi, miezi ile ambayo asubuhi majani ya Njombe yanaamka meupe na hata huku Makambako unaona pumzi yako. Nta juu ya chuma cha baridi ilikuwa inapasuka kila sindano ilipoigusa, na maji ya chumvi yanapenya chini ya nyufa. Fundi akasema dawa yake anaijua: tuchanganye nta na mafuta ya nguruwe, yanauzwa kila kona ya Njombe. Tajiri alisikia kutoka nje.

"Kwenye karakana yangu?" akauliza kwa upole.

"Nilikuwa natania, tajiri," akasema fundi, naye hakuwa anatania hata kidogo.

Tukatia mafuta ya alizeti, tone tone. Nta ikalainika. Halafu nikaanza kuzipasha pini moto pembeni ya birika la chai kabla ya kuzipaka, na nta ikashika kama ngozi. Wateja walikuwa wakinikuta nimeinama juu ya jiko la mkaa, nageuza pini kama mahindi ya kuchoma. Mmoja aliniuliza zinauzwaje, na chumvi au bila.

Namba zikaanza kutoka safi. Sifuri kwa ya kawaida, moja kwa nene, mbili kwa nene zaidi. Kisha asubuhi moja tukazikuta zote zimeota kutu ndani ya maandishi, ya rangi ya chungwa, mbaya. Hapo nilikaa chini nikalia. Sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa nimeunguza vidole, Idi ilikuwa imekaribia, na kutu ilikuwa imeingia pale pale tulipokuwa tunajivunia. Fundi hakunitania. Alinichemshia chai, akasema, "Chumvi imebaki ndani. Wewe jikoni chumvi ikizidi unafanyaje?"

Chumvi ikizidi hakuna la kufanya, na nilimwambia hivyo kwa ukali. Lakini nikafikiria jikoni kweli, nikafikiria magadi, yale tunayolainishia maharage. Nikayakoroga kwenye maji ya moto, nikazisugua pini kwa mswaki mara tu baada ya kuandika, nikazikausha, nikazipaka oili. Tukazilaza usiku kucha. Asubuhi nilifika kabla ya fundi, nikamkuta tajiri tayari yuko pale, peke yake, anazigeuza pini mkononi moja moja. Hazikuwa na kutu. Alizirudisha kwenye trei zikiwa zimepangwa vizuri kuliko nilivyoziacha.

Idi ikapita. Mtu wa Mbeya akaja, amevaa koti la suti, akaizunguka mashine, akaiwasha, akasikiliza, akaizima. Tajiri akamkaribisha kahawa. Walikuwa wamekaa kwenye benchi pale nje, na mimi kaunta sina nguvu hata za kufagia, mama yangu aliposhuka kwenye lori na kapu lake.

Nilikuwa nimempelekea ujumbe kwa dereva kwamba aje tumbadilishie pini zote mbili, tumepata namna ya kuziandika. Akaingia. "Kamwene," akanisalimia kwa Kibena, jambo ambalo hakulifanya siku ile ya pistoni. Nilimpa pini mbili. Akazileta karibu na macho, akaona namba, akatoka nazo nje, kwenye mwanga, akapita mbele ya tajiri na mgeni wake.

"Fundi," akasema, "majivu yako wapi?"

"Shikamoo mama. Kwenye jiko, pale."

"Na mafuta ya taa."

Fundi akampa. Mama akachutama chini, akakunja mikono ya gauni, akachota majivu kiganjani, akamwagia mafuta ya taa, akaanza kusugua. Alisugua kama anavyosugua sufuria lililoungua, kwa bega lote, midomo imefumbwa. Mtu wa Mbeya akaacha kahawa. Alisugua kichwa cha pini ya kwanza, akaifuta kwa pindo la kitenge, akatazama, akaongeza majivu, akarudia. Kisha ya pili. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta, maana nilimjua yule mwanamke na nguvu za ile mikono.

Akainuka. Pini zilikuwa zinang'aa, na namba zilikuwa zinaonekana vizuri kuliko mwanzo, nyeusi ndani ya weupe. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya moja, kisha juu ya sifuri.

"Hii haitoki," akasema.

"Haitoki, mama," nikajibu.

"Basi nifungie. Ya kwetu na ya wale wenzetu. Nitawapelekea mwenyewe mpaka mlangoni."

Tajiri akasimama. "Mama," akauliza, "unazibeba tena zote mbili? Kwenye kapu moja?"

"Kwani kuna ubaya gani?" akasema mama. "Si zimeandikwa?"

Tajiri akageuka kwa mtu wa Mbeya, akamjazia kikombe. "Kunywa, ndugu yangu," akamwambia. "Umetoka mbali, na mashine siiuzi."

Fundi aliingia ndani haraka na kuiwasha, ingawa hakuwa na kitu cha kukereza. Mimi nikachukua zile pini mbili, bado zina joto la mikono ya mama. Nikazifunga pamoja, kwenye gazeti moja, na juu ya gazeti sikuandika kitu.